Kahawia Imekwisha

Kila mwaka kila nyumba hupewa turubai moja la kuchorea na rangi za mafuta, tyubu nne ndogo kama vidole vya mtoto. Jioni ya siku hiyo mkaguzi huja kuichukua picha iliyochorwa. Kilichochorwa hubaki. Kisichochorwa, kukicha hakipo. Mwaka jana jirani yetu Maghanga alimsahau mbwa wake, na hatujamsikia akibweka tena.

Nilisimama uani tangu asubuhi, upepo wa Wundanyi ukinirushia vumbi kwenye rangi mbichi. Nilianza na vya nyuma, kama tulivyofundishwa: mlima wa kijani, nyumba nyeupe, ng'ombe mweusi, kisha mimi mlangoni. Mama nilimwacha mwisho kwa kuwa aliketi mbele kabisa, akichambua maharagwe.

Nikaikamua tyubu ya kahawia. Ikatoa hewa. Nikaipasua, nikakwangua ndani, sikupata kitu. Nikakoroga udongo na mafuta ya kupikia, ukachuruzika wote.

"Mghoi, umefika kwangu?" Mama aliuliza bila kuinua macho.

"Bado kidogo, Mama."

Pikipiki ya mkaguzi ikasikika ikipanda kilima. Kwenye picha nzima, kahawia ilikuwa mahali pamoja tu, na ilikuwa bado mbichi. Nikaichota yote kwa kisu, nikampa Mama uso, kisha mikono.

Mkaguzi alipokuwa akiifunga picha kwenye pikipiki, Mama alinyoosha shingo, akajiona, akatabasamu. Kisha tabasamu likakatika.

"Mwanangu," akasema, "mbona mlangoni hakuna mtu?"