Kibao Kisichopakwa Rangi

Bi Salme alivuta kamba, vibao viwili vikatoka baharini. Kimoja alikuwa amekipaka rangi aliyoitengeneza mwenyewe ya kulinda vyombo vya baharini visiotwe na mwani wala kome, isiyo na sumu, inayoteleza kama mlenda. Kingine alikiacha kitupu ili apate kulinganisha.

Kilichopakwa kilikuwa safi kama siku alipokitumbukiza. Kile kitupu kilijaa mwani na kome wadogo, na kaa mmoja alijibanza kwenye ufa.

“Hongera, Bi Salme!” alisema Shekue, mlinzi wa gati, akikigusa kile safi. “Hapa hakuna aliyethubutu kupiga hodi. Leo nyumbani watakupikia pilau.”

“Nyumbani niko peke yangu, kaka.”

Shekue akarudi langoni kwake.

Bi Salme alitoa kisu akikwangue kile kitupu. Kome mmoja akafumbua gamba lake kidogo, akalifumba. Kibao kizima kilikuwa kama nyumba yenye harusi. Akarudisha kisu mfukoni, akakishusha kibao tena majini, taratibu.

Kisha akavua viatu, akaketi ukingoni na kutumbukiza miguu. Alikaa sana. Kitu kidogo kikamgusa kisigino, kikang'ang'ania.

Hakuuondoa mguu.