Kovu la Dole Gumba

Shekuwe alifika masjala kutaka nakala ya hati ya nyumba aliyodai kuuziwa na marehemu dada yake. Hakumtambua karani. Alikuwa Tunu, binti wa dada huyo, ambaye Shekuwe alimfukuza katika nyumba hiyo akiwa na miaka sita.

Tunu alipachika kwenye mashine filamu iliyohifadhi picha ya hati. Kwenye kompyuta maandishi yalitokea meupe juu ya weusi. Akabofya, rangi zikageuka. Akaikuza alama ya dole gumba la muuzaji. Kovu liliikata katikati. Vidole vya mama yake, vilivyomlisha, havikuwa na kovu.

"Weka dole gumba kwenye fomu, mzee."

Shekuwe akaweka. Kovu lile lile.

"Nakala moja tu, binti."

"Nitatoa mbili, mjomba. Moja ya mahakamani."

Shekuwe akaacha kujifuta wino.