Kikohozi cha Siku ya Tatu

Mwalimu Eunike alikuja kanisani Jumapili ile kurudisha kayamba. Tangu afanyiwe upasuaji wa koo hakuwa na sauti tena, na mwalimu wa watoto asiye na sauti, alijiambia, atafundisha nini?

Alimkuta Yusta, msichana aliyeshika nafasi yake, akiwauliza watoto Mungu aliumba nini siku ya nne. Walikuwa wakitazama dari.

"Hawajui kitu, Mwalimu," Yusta alimwambia kwa unyonge. "Wiki ya tatu hii nawauliza."

Eunike alilishika kayamba kwa mikono miwili, akalitikisa.

Watoto wakainuka wote. Wakaimba wimbo aliowatungia mwenyewe: siku ya kwanza nuru, siku ya pili anga, siku ya tatu nchi kavu na mimea. Hapo wakafunika midomo kwa viganja, wakakohoa pamoja mara mbili, kisha wakaendelea: siku ya nne jua, mwezi na nyota.

"Mbona mnakohoa?" Yusta akauliza.

"Ndivyo wimbo ulivyo," alijibu Debora, mtoto wa miaka mitano. "Mwalimu ndiye aliyetufundisha."

Eunike alicheka bila sauti hadi mabega yakatetemeka, machozi yakimtoka. Kwa miaka miwili kabla ya upasuaji alikuwa akikohoa palepale kwenye wimbo, na kila mara akiwaomba radhi.

Alitaka kuwaambia asante. Akatikisa kayamba tena, watoto wakaanza upya kwenye nuru. Walipofika nchi kavu, Yusta naye akafunika mdomo.