Jina Kwenye Jiko

Siku hizo jiko la kila nyumba lilipima mioyo ya wakazi wake, likakataa chakula chochote kisichoufaa moyo dhaifu kuliko yote nyumbani, na jina la mwenye moyo huo liliandikwa kwenye kioo chake, kila mtu alisome. Miezi saba jina hilo lilikuwa la Bi Kijakazi, na nyumba nzima ikala mchicha usio nazi wala chumvi.

"Mama, watoto wamesahau hata ladha ya samaki wa kupaka," mkamwana wake Zuwena alilalama kila siku ya Mungu.

Bi Kijakazi aliacha chapati za kununua mtaani za kuchovya kwenye chai, akajifunga kanga kiunoni, akawa anapanda ngazi za ghorofa tisa kila alfajiri, magoti yakimuuma. Hakukubali kufa akiitwa mzigo.

Asubuhi ya Idi watoto walishangilia: jina la bibi limetoka! Zuwena akapiga kigelegele, akakuna nazi mbili, akabandika sufuria. Jiko likakataa. Alipoinama kusoma kioo, alikuta jina lake mwenyewe.

Watoto wakamtazama kwa macho yaleyale waliyomtazamia bibi yao.

Bi Kijakazi aliweka raba zake miguuni pa Zuwena.

"Kesho alfajiri tunapanda wote. Na usilie, mwanangu. Majonzi nayo jiko linayahesabu."