Miguu ya Punda

Mashavu alikuwa amechora hadi tumboni alipomwona punda wao mgonjwa akipiga magoti, kisha akalala pale uani. Penseli ikasimama. Siku zote huanza na masikio akashuka taratibu, wala hachori asichokiona.

"Nilikwambia leo uanze na miguu," mumewe, Sefu, alisema huku akimsukuma punda kwa bega. Punda hakuinuka. "Malizia tu, mama Zuena. Miguu ya punda ni miguu ya punda."

"Huyu mguu wake mmoja wa nyuma umepinda. Sikumbuki umepindia wapi."

Sefu akaketi, akakipakata kichwa cha punda.

Mashavu akaifunika karatasi kwa upande wa khanga isishike vumbi.

"Nitaichora kesho," alisema, "akisimama."

Sefu akaendelea kufukuza inzi machoni pa punda.