Saini ya Mzazi

"Baba, wanataka cheti cha kifo cha Mama."

Modestus aliweka kijiko chini. "Nani?"

"Wao. Kwenye fomu kuna nafasi ya saini za wazazi wawili. Kama mmoja hayupo, wanataka cheti."

"Walishindwa kumtibu, sasa wanataka na risiti."

Ndeshi hakucheka. Alikuwa amesimama pale jikoni, kiatu kimoja cha kukimbilia mguuni, kingine mkononi. Tangu Agosti alikuwa anakimbia kila alfajiri, mitaa yote ya DeSoto, mji wao huko Texas. Modestus alidhani kuna mvulana, akamfuata kwa gari mara mbili. Alikuwa anakimbia tu.

"Hiyo fomu ni ya early?"

"Hapana. Early si ulikataa?"

Kweli alikataa. Septemba aliitwa shuleni kupanga masomo ya mwaka wa mwisho wa Ndeshi, pamoja na habari ya vyuo. Mshauri wa wanafunzi, mwanamama aliyechomeka kalamu mbili kwenye nywele, alisema mtoto ana akili, aombe mapema, Novemba, chuo kimoja kule Houston. Jibu linatoka Desemba. Akikubaliwa anaacha vingine vyote, anakwenda huko. Na mzazi anatia saini kwamba ameelewa.

"Ni lazima aende?" Modestus aliuliza.

Ndeshi alitafsiri. Mshauri akatabasamu. Ndiyo, lazima. Hiyo ndiyo early.

Modestus aliishia darasa la saba, na kwa miaka tisa alikuwa anafagia ofisi za watu walioishia mbali zaidi. Aliwajua. Wanakupa kalamu kwanza, maelezo baadaye. Hospitalini pia walimpa kalamu. Alitia saini, akarudi nyumbani na mfuko wa nguo za mke wake.

"Mwambie kwamba mwanangu hafungwi," alisema. "Ataomba kwa kawaida, Januari, kama watu wengine. Vyuo vya hapa hapa, anavyoweza kwenda na kurudi. Majibu yakija Machi tutachagua tukiwa tumekaa."

"Na mimi nataka nini, Baba?" Ndeshi aliuliza, na hilo hakulitafsiri.

"Wewe unataka hesabu ile kubwa, na kemia. Mwambie aandike."

Mshauri aliandika.

Jirani yao Jedidah, nesi kutoka Kenya, alimsifu Modestus kwa kukataa, na kumcheka kwa pamoja. Mwanawe Kigen aliomba early miaka miwili nyuma, akapata Houston, mwendo wa saa nne.

"Sasa mimi humwona Krismasi, na akikuja ni kulala tu," alisema. "Lakini wewe, Baba Ndeshi, utamfunga huyo msichana na kamba?"

"Nitamfunga na ubwabwa."

"Ubwabwa gani, na vile amekonda? Si unaona?"

"Chakula cha shule. Wanawalisha karatasi."

Oktoba ratiba ya masomo ikaja nyumbani. Hesabu kubwa imefutwa. Mahali pake pameandikwa kunyanyua vyuma. Modestus alivaa koti ili aende akamgombeze mshauri. Mtoto wa Mwafrika hata awe wa kwanza darasani, wakubwa wanampa vyuma.

Ndeshi alisimama mlangoni. "Niliomba mwenyewe, Baba."

"Walikushawishi."

"Niliomba mwenyewe."

Wiki iliyofuata Ndeshi alimuuliza baba yake kama yeye aliwahi kuugua pumu akiwa mdogo.

"Nani anauliza?"

"Fomu."

"Chuo kinataka kifua chako cha kazi gani?"

"Wanataka kujua tu."

"Hujawahi kuugua. Andika hivyo hivyo, wasije wakakutafutia sababu."

Na sasa ni cheti. Modestus alikitoa kabatini, kwenye bahasha ileile ya hospitali, akampa bila kukitazama.

Jumamosi asubuhi walikwenda benki, kwa sababu saini ilitakiwa itolewe mbele ya mtu mwenye muhuri. Ndani ya gari Modestus aliuliza tena.

"Una hakika si early?"

"Si early, Baba. Hii ni ile ninayoitaka mimi."

"Basi sawa. Mradi si Houston."

Dada wa benki alisoma ukurasa wa kwanza, akamtazama Modestus kwa muda, akamuuliza kwa Kiingereza kama anaelewa anachotaka kutia saini.

"Yes," alisema Modestus. Ndilo neno la Kiingereza alilolitumia kuliko yote tangu afike Texas.

Akatia saini, herufi kubwa, jina kamili. Dada akagonga muhuri. Kisha akainuka kwenye kiti, akampa Ndeshi mkono na kumshukuru kwa heshima zote. Modestus alishangaa. Saini katoa yeye, shukrani anapewa mtoto.

Jioni alipika ubwabwa na kuku, akamwita Jedidah. Si kila siku mtu wa darasa la saba anawashinda watu wenye ofisi.

"Walitaka kunichukulia mtoto Desemba," alisema, akimwongezea Jedidah paja. "Wakaniletea kalamu. Nikawaambia hapana. Mwakani saa hizi ningekuwa nakula peke yangu."

"Na Ndeshi mwenyewe anasema aje?"

"Anasema nini? Amenyamaza. Ameridhika."

Kengele ya mlango ililia. Ndeshi alikuwa wa kwanza kuinuka. Alifungua, akasogea pembeni, akasimama wima, mikono ubavuni.

Aliyeingia alikuwa kijana aliyevaa magwanda ya jeshi, kofia mkononi. Alipokea fomu, akatazama muhuri, akamwita Modestus "sir", akasema maneno marefu kwa Kiingereza.

Modestus alimgeukia binti yake. Ndeshi hakutafsiri.

Jedidah ndiye aliyetafsiri, polepole. "Anasema asante kwa hiyo saini, Baba Ndeshi. Anasema jeshi litakaa naye miaka minane."