Shanga za Raya

Sheria haitaki maandishi ya marehemu yabaki nyumbani arobaini ikishapita. Mapambo tu ndiyo yanayoruhusiwa. Kwa hiyo Zuwena aliyakata madaftari ya bintiye Raya vipande virefu vya pembetatu, akavizungusha kimoja kimoja kwenye sindano ya kufumia, akavitia gundi na vanishi, vikawa shanga.

Wifi yake Salha ndiye aliyeliona kosa. "Umeanzia upande aliokuwa akiandika jina lake, wifi. Jina lote limeingia ndani."

"Afadhali. Huko hawalifikii."

Arobaini ilipopita, mkaguzi alikuja. Akazipitia shanga shingoni mwa Zuwena, asione ila michirizi ya wino. Akatoa pole, akaenda zake.

Jioni mumewe alikaa karibu naye.

"Mama Raya, ile R yake, mkia alikuwa akiukunja vipi? Tangu asubuhi najaribu kukumbuka."

Ukucha wa Zuwena ukaanza kutafuta ncha ya karatasi kwenye ushanga mmoja. Vanishi ilikuwa imekauka vizuri, kama alivyotaka.